Mini-Cog: kipimo cha kumbukumbu cha dakika tatu

Kwa kliniki yenye foleni ndefu, Mini-Cog ndicho kipimo cha kwanza tunachokipendekeza kwa mzee anayeanza kusahausahau. Kinahitaji karatasi, kalamu na dakika 3 hivi. MoCA, kipimo kingine cha kumbukumbu na fikra kilichotoka mwaka 2005, hunasa vizuri zaidi dalili zilizo changa, ila huchukua kama dakika 10 na mpimaji sharti awe amefunzwa.

Mpangilio wake haubadilishwi. Mtajie mgonjwa maneno 3 yasiyohusiana, kisha ayarudie. Akishindwa, mtajie tena, mwisho mara 3. Hapo hakuna alama. Halafu mpe karatasi yenye duara apange namba za saa na kuweka mishale. Dakika 3 zikipita hajamaliza, mwachishe uendelee na hatua inayofuata. Kisha muulize yale maneno. Kila neno atakalolikumbuka bila kudokezwa lina alama 1. Saa hupewa 2 au 0, hakuna nusu. Jumla ni 5, na chini ya 3 inadai uchunguzi zaidi.

Kuchora saa kusirukwe. Ndiko kunakomzuia mgonjwa kuyarudiarudia maneno kimoyomoyo.

Hapo kwenye saa ndipo wapimaji wengi wanapoharibu. Kinachotakiwa ni mshale mmoja kwenye 11 na mwingine kwenye 2. Kwa Kiswahili, saa tano na dakika kumi. Anayetafsiri fomu ya Kiingereza papo hapo husema "saa kumi na moja na dakika kumi", mgonjwa anapeleka mshale kwenye 5 kama alivyozoea maisha yake yote, kisha anakosa alama 2 kwa kosa lisilo lake. Hilo halikubaliki kabisa. Kosa lenye maana ni la anayesikia "kumi" akapeleka mshale wa dakika kwenye 10: namba imemvuta, ameshindwa kuigeuza kuwa 2. Tazama pia namba zilizorundikana upande mmoja au zilizorudiwa. Urefu wa mishale hauhesabiwi.

Tafsiri huharibu maneno pia. Orodha mojawapo ya asili ina ndizi, macheo na kiti. "Macheo" (jua linapochomoza) ni neno ambalo wengi hawalitumii kila siku, na neno geni husahaulika upesi hata na mzima.

Kabla ya kuanza, hakikisha anasikia, amevaa miwani yake, ukutani hakuna saa, na jamaa aliyemleta hamnong'onezi majibu. Mwenye homa au aliyechanganyikiwa ghafla asipimwe siku hiyo. Asiyewahi kushika kalamu anahitaji kipimo kingine.

Alama ya chini haithibitishi demenshia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra. Sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi chini ya kiwango na baadhi ya dawa za usingizi au mzio huishusha vilevile. Kwa hiyo pitia dawa zake zote, agiza vipimo vya damu, na muulize anayeishi naye mabadiliko yalianza lini. Akirudi kupimwa tena, tumia orodha nyingine ya maneno.