Risiva mpya ya sebuleni: kwa nini nilichagua Denon AVR-X1800H

Risiva niliyokuwa nayo, yaani chombo kinachopokea sauti na kuikuza kwa ajili ya spika za sebuleni, ilikuwa bado nzima. Ilikuza sauti vizuri na spika zake tano hazikuwa na kasoro, lakini ilitengenezwa kabla HDMI haijawa njia ya kurudishia sauti kutoka kwenye televisheni, hivyo sauti ya filamu za mtandaoni ilikuwa ikiifikia kwa waya wa optiko. Waya huo haupitishi Dolby Digital Plus, ambayo ndiyo sauti itumiwayo na huduma nyingi za filamu za intaneti, kwa hiyo televisheni ililazimika kuigeuza kwanza, na mara nyingine kilichofika kwenye risiva kilikuwa stereo tupu, huku spika za nyuma zikikaa kimya. Hiyo ndiyo sababu iliyonitoa nyumbani kwenda madukani, na ndiyo iliyoongoza uchaguzi wangu: nilihitaji mlango wa HDMI wenye eARC, yaani njia pana ya kurudishia sauti kutoka kwenye televisheni, kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo hili linastahili maelezo kidogo, kwa sababu wauzaji wengi hulipita haraka. ARC ya kawaida ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, nayo inaweza kurudisha kutoka kwenye televisheni hadi kwenye risiva sauti iliyobanwa, pamoja na Dolby Atmos (sauti inayosikika hata kutoka juu ya msikilizaji) ya filamu za mtandaoni iwapo televisheni yenyewe inairuhusu. eARC, iliyoletwa na HDMI 2.1 mwaka 2017, ina njia pana zaidi na inapitisha hata sauti isiyopunguzwa ya diski za Blu-ray, yaani Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba, kama televisheni yake ina eARC, anaweza kuchomeka PlayStation 5 na king'amuzi moja kwa moja kwenye televisheni, kisha waya mmoja ukaleta sauti yote kwenye risiva. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na picha ya michezo haipiti tena kwenye risiva hata kidogo. Mwenye televisheni ya zamani yenye ARC tu, na mwenye diski nyingi, afadhali achomeke mashine yake ya Blu-ray kwenye risiva.

Katika kila duka nililoingia Kariakoo, swali la kwanza lilikuwa ninataka wati ngapi. Ninaelewa chanzo chake, kwani maboksi ya sabufa yamejaa tarakimu za maelfu ya wati, lakini wati zinazoandikwa bila masharti hazimwambii mnunuzi lolote. AVR-X1800H imeandikiwa wati 80 kwa kila chaneli, yaani kila njia ya kulisha spika, na masharti yake yametajwa wazi: spika za omu 8 (kipimo cha ukinzani wake), masafa yote kuanzia Hz 20 hadi kHz 20, upotoshaji wa asilimia 0.08, chaneli mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Risiva hiyohiyo ikipimwa kwa chaneli moja, kwa masafa ya kHz 1 pekee, kwa omu 6 na kwa upotoshaji mkubwa zaidi, tarakimu hupanda sana bila chochote ndani ya boksi kubadilika. Isitoshe, kutoka wati 80 kwenda wati 100 ni ongezeko la takribani desibeli 1, ambalo sikio halilitambui kirahisi; ili kupata desibeli 3 ni lazima nguvu izidishwe mara mbili. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, badala ya ile inayotoa 87, humpa mtu ongezeko hilo bila kugusa risiva. Mwenye shaka asome kibao kilicho nyuma ya chombo: chombo kinachovuta wati mia moja ukutani hakiwezi kutoa wati elfu moja kwenye spika.

Kibao hichohicho kina habari muhimu zaidi kwetu. Risiva za mtumba kutoka Japani hutengenezwa kwa umeme wa volti 100, na za Marekani kwa volti 120, ilhali Tanzania tunatumia volti 230 na Kenya volti 240. Nilionyeshwa risiva nzuri za mtumba kwa bei ya kuvutia, na nilizikataa zote zilizohitaji transfoma ya kushusha umeme, kwa sababu siku mtu mwingine nyumbani atakapohamisha plagi bila kujua, risiva itaungua papo hapo. Nilisisitiza kuona 230 V kwenye kibao kabla ya kutoa fedha, na nimeiunganisha kupitia kilinda umeme kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme uliorejea.

Kuhusu idadi ya chaneli, nilichagua saba ingawa spika zangu zilikuwa tano na sabufa moja, kwa kuwa chaneli mbili za ziada huniruhusu kufikia mpangilio wa 5.1.2, ambamo tarakimu ya mwisho ni spika za juu za Dolby Atmos. Dari letu ni la jipsamu, na fundi aliweza kutoboa na kupitisha waya bila taabu. Spika hizo mbili ziko mbele kidogo ya kochi, karibu juu ya vichwa vyetu, na mvua ya kwenye filamu sasa inanyesha kweli juu yetu. Hata hivyo, filamu nyingi huzitumia kwa muda mfupi tu, na ningemshauri mtu atengeneze kwanza spika za mbele.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni upimaji wa chumba. Risiva inakuja na maikrofoni yake na programu ya Audyssey MultEQ XT, ambayo hupiga mlio kwenye kila spika na kupima kutoka sehemu hadi 8 za kukalia, kisha hurekebisha kiwango cha sauti, muda wa kufika na uwiano wa besi na sauti nyembamba. Nilizima feni, kiyoyozi na friji, nikafunga maikrofoni kwenye stendi ya kamera kwa urefu wa masikio ya mtu aliyeketi, wala sikuiweka juu ya kochi, kwa kuwa kitambaa kilicho karibu hupotosha kipimo. Umbali wa sabufa uliotolewa ulikuwa mrefu kuliko ule wa futikamba, na hilo ni sahihi, kwa sababu programu huhesabu pia ucheleweshaji wa ndani ya sabufa yenyewe, usiubadilishe. Kinachofaa kubadilishwa ni spika zitakazoainishwa kuwa kubwa: nimeziweka zote kuwa ndogo, na besi iliyo chini ya Hz 80 nimeiachia sabufa, jambo lililozipunguzia mzigo spika na risiva vilevile.

Lakini programu hii haiondoi mwangwi, na sebule zetu zina mwangwi mwingi. Sakafu ni ya vigae, kuta ni za tofali za saruji, madirisha ni mapana, na neno likishatoka kwenye spika hugonga pande zote kabla halijanyamaza. Zulia zito kati ya spika na kochi, pamoja na mapazia mazito, vilisafisha mazungumzo kwa kiwango ambacho hakuna risiva ingeweza, nami nikarudia upimaji baada ya kuviweka. Mama yangu, ambaye hapendi kelele, sasa hufuata tamthilia bila kuomba sauti iongezwe. Usiku ninawasha Dynamic Volume, inayopunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko, ili watoto wasiamke. Dynamic EQ, inayoongeza besi sauti inapokuwa ndogo, ninaiacha imewaka wakati wote, ila kwa muziki ninapunguza nguvu yake kwa kuweka Reference Level Offset kuwa dB 10 au 15 kwenye menyu yake.

Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, risiva hii, kama nyingine zote za aina yake, inahitaji hewa. Iko juu ya rafu iliyo wazi, si ndani ya kabati la vioo, na sijaweka chochote juu ya matundu yake. Anayenunua aelewe pia kwamba milango yake miwili ya sabufa hutoa sauti ileile, kwa hiyo sabufa mbili hazitapimwa kila moja peke yake.

Kwa mwenye spika tano ambaye hanuii kutoboa dari, Yamaha RX-V4A inatosha: ina chaneli tano, eARC na programu yake ya kupima chumba, ingawa haina Dolby Atmos. Fedha itakayobaki aiweke kwenye spika ya katikati, kwa kuwa ndiyo inayobeba karibu maneno yote ya filamu.