Waya au Sumaku: Kuongoza Katheta ya Roboti Moyoni

Hospitali yoyote jijini Nairobi inayofikiria kununua roboti ya kuongoza katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mishipani hadi moyoni, ina njia mbili kuu za kulinganisha. Katika ya kwanza, mota huvuta nyaya nyembamba zilizopitishwa ndani ya mrija, na ncha hupinda kwa nguvu ya kutosha. Lakini nyaya hizo husuguana na kuta za mrija, hivyo mota inapobadili mwelekeo ncha huchelewa kufuata, na kadiri mrija unavyojipinda mishipani ndivyo kosa hilo linavyokua, hata programu ya udhibiti ikalazimika kulikadiria na kulifidia.

Njia ya pili, kama ya mtambo wa Niobe wa kampuni ya Stereotaxis ya Marekani, huweka sumaku mbili kubwa ubavuni mwa mgonjwa, zikageuza sumaku ndogo zilizo nchani kwa uga wa sumaku wa takriban tesla 0.1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga huo). Mrija huwa laini, na hatari ya kutoboa ukuta wa moyo hupungua, faida ninayoithamini kuliko zote. Hata hivyo, njia hii huhitaji chumba chenye kinga ya sumaku. Pale ambapo chumba kimoja huhudumia wagonjwa wa kila aina, ningechagua waya, mradi ncha iwe na kihisi cha mgandamizo, kinachopima jinsi ncha inavyousukuma ukuta wa moyo.