Uzoefu wangu na wauza mirathi: chui waliyemwita paka

Nyota moja. Ingekuwepo nusu ningewapa nusu. Kabla sijafika mwisho huenda nikabadili mawazo, maana yuko kijana mmoja pale kwa keshia ambaye si haki kumtia kapu moja na wenzake. Ila kwa sasa ni moja, na hiyo ni kwa sababu nilipata pa kuegesha gari.

Kwa msioishi huku Marekani: mzee akifariki, au akihamishiwa nyumba ya kulelea wazee, watoto hawakai kikao cha ukoo kugawana sufuria. Wanaita kampuni. Kampuni inaingia ndani, inabandika bei kila kitu, kuanzia kabati la vyombo mpaka chupa ya sabuni iliyobaki nusu, halafu mlango unafunguliwa Ijumaa na watu wasiojuana wanapita chumba kwa chumba wakibeba. Mara nyingi siku ya mwisho vilivyobaki vinakwenda kwa nusu bei. Kampuni inakata asilimia yake, familia inapewa kinachobaki. Mara ya kwanza niliona aibu, unavuta droo ya mama wa watu unakuta miwani yake. Aibu iliisha. Sasa ni ugonjwa.

Wangu mimi una mipaka, natafuta vya kwetu tu. Huku Maryland, kandokando ya Washington, wamejaa wazee waliowahi kufanya kazi Afrika Mashariki: wa ubalozini, wa Benki ya Dunia, wamisionari, na zaidi wale wa Peace Corps, vijana wa kujitolea wanaotumwa na serikali ya Marekani, ambao Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea, mwaka 1961. Walirudi vijana, na masanduku yao. Masanduku yakapandishwa darini, na sasa wenyewe wanaondoka mmoja mmoja. Nimeshakuta vinyago vya Kimakonde vikishikilia vitabu vya mapishi. Nimeshakuta mbuzi ya kukunia nazi imeandikwa "kiti cha mtoto, angalia chuma". Niliinunua, na nazi naikunia mpaka leo.

Wagonjwa wenzangu wana hadithi zao za kufarijiana kwenye foleni. Mmoja atakusimulia bakuli lililonunuliwa dola 3 huko New York mwaka 2007, likaja kuonekana ni la Kichina la enzi ya Song, likauzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 2. Au ule mchoro wa dola 30 uliotoka kwenye mauzo ya aina hiihii huko Massachusetts, wataalamu wakaja kusema ni mkono wa gwiji wa kale Albrecht Dürer. Hewala. Mimi sikutaka bakuli la Mchina wala mchoro wa Mjerumani. Nilitaka chui.

Nilimwona kwenye tangazo la kampuni hii. Hawa huweka picha za nyumba nzima siku chache kabla, nami huwa nazipitia usiku nikitoka kazini, navuta kila ukuta karibu. Kulikuwa na fremu yenye kijana wa Kizungu amesimama mbele ya ubao wa darasa, na ubaoni kuna sentensi ya Kiswahili. Nikakaa vizuri. Picha mbili mbele, kwenye korido ya vyumba vya kulala, kibao cha mraba kimetundikwa mshazari: chui mmoja, macho mawili makubwa mbele ijapokuwa mwili uko ubavu, nyuma yake rangi moja tu ya manjano iliyofifia. Maelezo yao: "Picha ya chumba cha mtoto, paka."

Paka!

Nimekulia Msasani, vibanda vya picha za Tingatinga nimevipita nikienda na kurudi shule, najua sura ya vile vya watalii: twiga kumi, Kilimanjaro nyuma, vidoto kila mahali. Vizuri kwa namna yake, sivikashifu, wajomba wa rafiki zangu wamesomesha watoto kwa vidoto hivyo. Lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, yule wa Tunduru, hakuchora hivyo. Yeye mara nyingi aliweka mnyama mmoja, nyuma patupu pa rangi moja, juu ya hadibodi ya mraba ya kama sentimita 60 kila upande, kwa rangi ileile ya kupakia baiskeli. Alianza mwaka 1968, na 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam kwa kumdhania mhalifu. Hiyo ndiyo kazi yake yote, miaka minne au mitano. Na wanunuzi wake wakubwa walikuwa Wazungu waliokuja kufanya manunuzi Morogoro Stores, Oysterbay, ndiyo maana zile za mkono wake ukizitaka kwetu hupati, ziko kwenye korido za watu huku. Minadani zinakwenda kwa maelfu ya dola.

Nikapiga hesabu. Peace Corps waliondoka Tanzania 1969 na hawakurudi mpaka 1979. Kama mwenye nyumba alikuwa mwalimu, mmoja wa wale wa mwisho, kuna mwanya wa mwaka mmoja au miwili. Mwembamba, lakini upo. Kwa hiyo huenda, nasema huenda.

Nikawapigia simu. Mama mmoja akapokea, sauti tamu kama kalmati. Nikamuuliza mnauza kabla ya siku? Akasema hapana, kwao ni haki kwa wote, namba zinagawiwa asubuhi, mlango saa tatu, anayetangulia ndiye anayechukua. Nikamshukuru. Tena nilimshukuru mara mbili, jambo linaloniuma mpaka sasa.

Siku yenyewe nilifika giza halijatoka. Mbele yangu walikuwa walanguzi wa vitu vya kale, wale wanaojuana kwa majina, na nilijua wanachokifuata: vijiko vya fedha na saa. Wakapewa namba zao, nami nikapewa yangu. Mlango ulipofunguliwa wote wakakata kulia kwenda chumba cha kulia chakula, mimi nikapanda ngazi peke yangu. Sikukimbia, ila pia sikutembea. Koridoni kuna msumari tu.

Nikashuka. Nyuma ya meza ya keshia, sakafuni, kibao kimeegemezwa ukutani, kimefunikwa blanketi nusu, sikio la chui linachungulia. Juu yake kibandiko cha bei, dola 15, na juu ya bei stika nyekundu ya kwamba kimeshauzwa.

Kimeuzwa saa ngapi? Mlango umefunguliwa sasa hivi, na hakuna binadamu aliyepanda zile ngazi isipokuwa mimi. Nikamwuliza mama aliyevaa aproni ya kampuni, na nikaitambua sauti, ndiye yule wa kwenye simu. Hakunijibu swali. Alinitazama viatu (nilikuwa nimevaa vya kazini, nafanya kazi hospitali) akaniuliza kama nimekuja na watu wa kusafisha, maana wao kuingia ni Jumapili jioni, kwa mlango wa nyuma.

Nikamwonyesha namba yangu. Hakuomba radhi, akacheka kidogo. Akasema ile picha imechukuliwa na mmoja wa wafanyakazi wao, kwamba ni utaratibu, wanaopanga nyumba wana haki ya kununua kwanza. Nikasema kwenye simu uliniambia haki kwa wote. Akasema, "Mpenzi, ni picha ya paka ya watoto. Kama unapenda vitu vya Kiafrika, gereji kuna kinyago."

Nimefikiria majibu mengi tangu siku ile, mengine matamu sana, nikiwa jikoni au kwenye basi. Pale sikutoa hata moja. Nilimwambia tu kwamba huyo ni chui, na nikaondoka mbele yake kabla sijasema lingine.

Na kama ni utaratibu, uandikeni kwenye tangazo. Anayebandika bei ndiye anayenunua, kwa bei aliyoibandika mwenyewe, kabla ya yeyote kuingia! Familia ya marehemu inajua? Ile asilimia wanayokatiwa wanadhani kampuni inahangaika kupata bei nzuri, kumbe mtu anaandika 15 kwa mkono wa kulia na kulipa 15 kwa wa kushoto. Kwetu dalali anayefanya hivi ana jina lake, na halitamkwi mbele ya watoto.

Nilikuwa naelekea mlangoni. Wallahi nilikuwa naondoka. Ila ngazi za chini ya nyumba ziko palepale kabla ya kutokea, na mgonjwa hapiti ngazi bila kushuka.

Chini kulikuwa na mashine ya kufulia, na pembeni yake kapu la plastiki: "Vitambaa vya meza, dola 2 kila kimoja." Juu vitambaa vya meza kweli, vya Krismasi. Nikaingiza mkono chini kabisa na nikajua kabla sijaona. Ile pamba, na ile wanga ambayo haijawahi kuguswa na maji. Kanga. Doti nzima, haijakatwa, haijapindwa, vipande viwili bado vimeshikana kama ilivyotoka dukani, nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, pindoni nembo ya "Mali ya Abdulla" ya duka la Kaderdina la Mombasa, na jina lake: HASIDI HANA SABABU.

Nilicheka peke yangu mle chini mpaka mlanguzi mmoja akachungulia.

Chini yake kulikuwa na ya pili, kipande kimoja, imevaliwa mpaka imelainika, mtu aliipenda hiyo. Nikazikunja zote ndani ya kitambaa kimoja cha Krismasi, nacho nikakilipia, nikapanda juu na dola zangu 6 mkononi.

Hapa ndipo anapoingia yule kijana. Alikuwa kwenye keshi, anaanza kuandika. Mama wa aproni akaona rangi zikichungulia, akasogea, akashika pindo kwa vidole viwili. "Hizi za zamani? Ngoja niulize bei." Kumbe sasa anauliza bei! Kijana hakuinua hata kichwa. Akasema kapu limeandikwa dola 2, mteja ameshanipa pesa, na akanikabidhi risiti. Halafu kwa sauti ya chini akaniambia pole kwa ile picha, yeye siye aliyeichukua. Huyu ana nyota tano, na Mungu ampe kazi mahali pengine.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilikuwa nawapa nyota mbili, nimeshatulia. Nilijiambia huenda chui hakuwa wa Edward. Sahihi sikuiona, na sahihi yenyewe imeigizwa na wengi. Madoa ya mgongoni, nikiitazama tena ile picha ya tangazo, yamepangika sana, pengine ni ya mwanafunzi wake. Dola 15 kwa kazi ya mwanafunzi si wizi mkubwa. Kanga ile ukiniambia niibadilishe na chui wa mashaka, nitakuuliza kwanza uko timamu.

Halafu, wiki kadhaa baadaye, nikamwona. Mtandaoni, kwenye mauzo ya mtu binafsi, chui wa manjano, kona ya chini kushoto imemeguka palepale ilipomeguka kwenye tangazo lao. Siwezi kuapa ni yuleyule, kona za hadibodi humeguka. Lakini sasa haitwi paka. Ameandikwa jina kamili, Edward Saidi Tingatinga, Tanzania, na aya nzima ya historia, na bei ambayo kwa mshahara wangu ni miezi. Kumbe walijua! Nilimwandikia muuzaji aniwekee picha ya mgongo wa kibao, nione hadibodi. Akanijibu kwa haraka na kwa adabu kwamba bei haipungui.

Picha ya mgongo hakuweka. Basi rudisheni ile nyota ya pili, na ya maegesho pia, abaki nayo kijana peke yake.

Wamenitumia tangazo jipya, maana ukinunua mara moja wanakuweka kwenye orodha. Nyumba iko Bethesda, mzee alikuwa mwanadiplomasia, na kwenye picha ya sebule kuna sanduku la njumu za shaba lililowekewa televisheni juu. Nitakwenda. Waswahili wenzangu wa huku mtakaokuja, sanduku gombanieni na walanguzi mtakavyo, ila makapu ya chini kwenye mashine ya kufulia mniachie mimi.