Kisahani cha kukadiria umri wa mimba: kipime kabla ya kukilipia

Kila mkunga anakijua: vibapa viwili vya duara, kimoja juu ya kingine, vimeshikwa katikati na kipini. Cha nje kina tarehe za mwaka mzima, cha ndani kina wiki hadi 40. Mshale unauweka kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unatafuta tarehe ya leo, unasoma wiki na siku. Penye wiki ya 40 ndipo tarehe ya matarajio ya kujifungua. Hakihitaji betri wala bando.

Ubora wake uko kwenye ukubwa na kipini. Kisahani chenye kipenyo cha sentimita 10 kinaipa kila siku nafasi isiyofika milimita moja, hivyo kipini kikilegea kidogo tu, umeshakosea siku moja au mbili. Vya karatasi vinavyogawiwa bure hulegea upesi. Chukua cha plastiki, sentimita 15 hivi, maandishi yakiwa ndani ya plastiki. Yaliyo juu yake hufutika kwa spiriti.

Kijaribu hapohapo dukani. Hedhi ya 1 Januari ilete 8 Oktoba, ya 1 Mei ilete 5 Februari. Kikipatia moja na kukosea nyingine, tundu la kipini halikutobolewa katikati, kirudishe. (Anayekokotoa kichwani kwa kuongeza siku 7 na kurudisha miezi 3 atapata 8 Februari kwa hiyo ya Mei. Miezi hailingani urefu, na kisahani kinahesabu siku 280 kamili.) Tarehe 29 Februari ikiangukia katikati ya mimba, punguza siku moja kwenye matarajio.

Kasoro kubwa haimo kwenye plastiki. Kisahani kinachukulia mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa kawaida wa siku 33, sogeza matarajio mbele siku 5. Aliyeshika mimba akinyonyesha bila kuona hedhi, au baada ya sindano ya uzazi wa mpango kabla hedhi haijatulia, kisahani hakimfai kabisa: mpeleke utrasaundi, tena mapema. Ya kabla ya wiki 14 hukosea kwa siku 5 hadi 7, lakini ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kupotea hata wiki 3, kwa hiyo isitumike kufuta tarehe iliyopimwa mapema.

Pia uliza vizuri. Wengi hutaja siku hedhi ilipokoma, wengine siku waliyokutana na mwenza, na hapo siku kadhaa hadi wiki mbili zimepotea. Kuanzia wiki ya 20 linganisha na futi kamba: kimo cha mfuko wa uzazi kwa sentimita hukaribia idadi ya wiki. Tofauti ikizidi 3, hakiki tarehe kwanza, kisha fikiria mapacha, maji mengi au mtoto asiyekua vizuri.

Kwa kliniki yenye foleni ndefu, kinunuliwe. Kwa mama wa nyumbani, kalenda ya ukutani inatosha.