Taiti ya baiskeli kwa mwanamke mwenye umbo dogo: kagua sponji kwanza

Ukienda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, ukaomba "baika", utaletewa taiti za kuvaa chini ya sketi. Sema wazi: taiti ya baiskeli, yenye sponji ya kukalia. Muuzaji akishaelewa atakutazama, aone umbo lako, akuchomolee XS, saizi ndogo kabisa. Hapo ndipo wengi huingia mkenge, maana herufi ile inahusu kitambaa peke yake. Taiti nyingi za bei nafuu hushonewa sponji ya aina moja kuanzia XS hadi XXL. Kitambaa kimepunguzwa, sponji imebaki palepale: mabawa yake yanafika ndani ya mapaja, yanajikunja kila mguu unaposhuka, na kabla hujamaliza kilomita 20 mkunjo umeshachubua kinena.

Kwa hiyo nenda na futikamba, na kipimo chako uwe nacho kichwani. Kukipata ni rahisi. Weka kipande cha boksi juu ya stuli ngumu, kikalie kama dakika moja huku umeinama mbele kidogo na visigino umeviinua. Ukisimama utaona vishimo viwili vilivyoachwa na mifupa ya kukalia. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine; kwa wanawake wengi huwa kati ya sentimita 10 na 15. Usidhani kwamba ufupi au wembamba unakupa namba ndogo. Mwanamke wa futi 5 anaweza kuwa na mifupa iliyoachana kuliko ya mume wake mwenye futi 6. Geuza taiti ndani nje, tafuta sehemu mbili nene za sponji upande wa nyuma, na uhakikishe vishimo vyako vingeangukia juu yake, si pembeni.

Ndiyo maana hatushauri taiti ya mtoto, hata kama kiuno kinakaa vizuri, wala S ya kiume. Sponji ya kiume kwa kawaida ni ndefu mbele na nyembamba nyuma. Kwa mwanamke ule urefu wa mbele hujikusanya, na huko nyuma mifupa hukosa pa kukalia.

Unene nao hudanganya. Zile zenye jeli zilizovimba kama godoro hupendeza dukani, lakini bana sponji kati ya kidole gumba na cha shahada: vidole vikikaribia kugusana, uzito wako utaibonyeza hivyo hivyo na jeli itahamia pembeni. Sponji ngumu kiasi, isiyo nene sana, inayorudi polepole, ndiyo ya safari ndefu. Baadhi huwa na jina la aliyeitengeneza. Elastic Interface ya Italia, kwa mfano, hushonewa kwenye taiti za kampuni nyingi tofauti. Sehemu ya mbele isiwe na mshono wa katikati.

Wakati wa kujaribu, usijiangalie kwenye kioo ukiwa umesimama wima. Ukisimama, taiti nzuri huonekana mbaya: sponji inaning'inia, kiuno cha nyuma kimepanda. Inama kana kwamba umeshika usukani, inua goti moja baada ya jingine. Sponji igande mwilini bila nafasi. Kitambaa cha paja ukiweza kukikamata kwa vidole, ni kikubwa. Mguu wa taiti wenye urefu wa sentimita 15 hadi 18 humfaa mwenye paja fupi. Ule wa 23 hukaribia goti na mpira wake husugua nyuma. Na chupi usivae ndani. Mishono yake ndiyo inayochubua.

Kati ya aina tulizolinganisha, inayoshinda kwa mwili mdogo ni ya kike yenye mikanda ya mabegani, kwa kuwa haina lastiki ya kukata tumbo na sponji haishuki. Kasoro ni mbili. Chooni utalazimika kuvua jezi, isipokuwa mikanda iwe na kifungo cha kufungua nyuma. Pili, mikanda huwa mirefu mno kwa kiwiliwili kifupi, na ikilegea sponji hushuka nayo. Hili fundi analiweza: apunguze sentimita 2 au 3 kila mkanda, upande wa mgongoni, kwa mshono wa zigizaga. Mshono ulionyooka utakatika siku ya kwanza ukivutika. Asiguse mshono wowote unaopita kwenye sponji.

Mitumba? Tanzania imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hii ni nguo inayogusa mwili moja kwa moja; hesabu mwenyewe. Ukiamua kununua, vuta kitambaa mbele ya mwanga karibu na sikio. Kikichakarisha, au ukiona nywele nyeupe zimechomoza kwenye mishono, uzi wa kuvutika umekwisha na hakuna wa kuurudisha.

Fua siku hiyo hiyo kwa maji ya vuguvugu, usitie dawa ya kulainisha nguo, na suuza mpaka povu liishe kabisa kwenye sponji, kwani sabuni iliyobaki huwasha. Usiikamue kwa kuisokota. Ianike kivulini, sponji ikiwa nje, na usiivae kabla katikati yake haijakauka. Juu hutangulia kukauka, kwa hiyo ibonyeze kwa karatasi ya chooni uone kama itatoka na unyevu.