Uzoefu wangu: Moulin Richard de Bas, kinu cha karatasi cha maji huko Ambert

Ukifika Moulin Richard de Bas, katika bonde la Laga kwenye milima ya Auvergne, Ufaransa, usikimbilie karatasi zenye maua, ingawa ndizo zinazosifika. Anza na chumba cha nyundo. Gurudumu la maji huzungusha mhimili mnene wa mbao wenye vigingi. Kila kigingi huinua mkia wa nyundo, kisha huuachia, na nyundo ikaangukia matambara yaliyolowa ndani ya kihori; matambara hayo ndiyo yanayopondwa kuwa karatasi. Kishindo chake unakisikia mpaka kifuani, kwa hiyo msogelee anayetoa maelezo.

Tazama vichwa vya nyundo kwa makini. Katika vinu vya namna hii, nyundo za mwanzo huwa na misumari ya kuchana nguo, zinazofuata huwa na misumari midogo zaidi, na za mwisho ni mbao tupu za kulainisha rojo, yaani nyuzi zilizopondwa zikiwa ndani ya maji. Mashine ya Kiholanzi ya karne ya 17 ilifanya kazi hiyo haraka zaidi, lakini visu vyake hukata nyuzi. Nyundo huzichambua na kuziacha ndefu, ndiyo maana karatasi hii ni imara hivyo.

Maji ya mlimani hayakuwa ya kusukuma gurudumu tu; ndiyo yaliyoingia pia kwenye rojo. Maji yenye chuma huacha madoa ya kahawia, na mvua ikichafua kijito, weupe wa karatasi umekwenda.

Kwenye pipa la rojo, mtazame fundi mikono. Anachota kwa fremu ya waya, anaitikisa mbele na nyuma, kushoto na kulia, papo hapo, kabla maji hayajachujika. Akichelewa, nyuzi zimeshatulia na karatasi inatoka na mabonge. Kisha analaza karatasi juu ya kitambaa cha sufu, rundo linakwenda kwenye shinikizo, na baada ya hapo karatasi huanikwa darini. Ikikaushwa kwa pupa, kingo hujikunja.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1943, na hadi leo karatasi inatengenezwa humo humo. Kwangu hiyo ndiyo thamani yake kubwa: kifaa kinachofanya kazi kinakufundisha kuliko kilichofungiwa kabatini.

Ukinunua karatasi, iinue kwenye mwanga. Mistari ya waya itaonekana. Ukiona kiduara chembamba kinachopitisha mwanga, hilo ni tone lililodondoka kutoka mkononi mwa fundi karatasi ikiwa bado mbichi.