Leso yangu haikupewa muda darasani, ila kwenye tangazo lao imepata nafasi

Mafunzo yalinadiwa kuwa ya udula wenye mizizi ya utamaduni, kwa wanawake weusi na wahamiaji wa hapa Minneapolis, Marekani. Dula hazalishi wala hapimi. Kazi yake ni kumshika mama mkono kwenye uchungu na kumwangalia baada ya kujifungua. Katika jimbo letu la Minnesota, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo inailipia kazi hiyo tangu 2014, ndiyo maana wengi wetu tunaikimbilia. Ada niliitoa kwenye zamu za usiku za kutunza wazee.

Tulipofika mada ya mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, tuliambiwa kila mtu alete kitu cha kwao. Nikaleta leso, yaani kanga. Nilitaka kuonyesha mzazi anavyokandwa kwa maji moto Mombasa, anavyofungwa tumbo, anavyonyweshwa uji wa pilipili manga, na jinsi mama na mashangazi wanavyomzunguka arobaini nzima asiguse kazi. Sijaikunjua hata vizuri, mkufunzi akaniambia nikae, muda umekwisha, na hata hivyo hospitali haziyataki mambo hayo. Papo hapo akatoa rebozo, mtandio wa Mexico, akatufundisha nayo hadi jioni! Sina ugomvi na rebozo. Ni urithi wa wakunga wa kule, na leo najua kumlegeza mama nyonga kwayo. Lakini muda uliokwisha kwangu ulirudi vipi?

Kisha wakati wa mapumziko wakaniomba nijitande leso wanipige picha. Picha hiyo sasa ndiyo tangazo lao. Nikiiona moyo unanipanda kooni.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msiende kabisa. Ila palikuwa na mwalimu mwingine, bibi mmoja Mmarekani mweusi, aliyefundisha historia. Alitusomesha Anarcha, Betsey na Lucy, watumwa waliopasuliwa bila ganzi na daktari J. Marion Sims huko Alabama miaka ya 1840. Akatueleza Margaret Charles Smith, mkunga wa Alabama aliyezalisha watoto zaidi ya 3,000, na jinsi sheria ya jimbo ilivyowaondoa wakunga kama yeye kazini. Akaandika ubaoni vifo vya uzazi vya Marekani mwaka 2021: wanawake weusi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000, wazungu 26.6. Kisha akatufanyisha mazoezi ya kusema hadi usikilizwe.

Zoezi hilo lilimfaa mama mmoja wa Kongo ninayemhudumia. Alikuwa na siku chache tu tangu ajifungue, kichwa kinampasuka, anaona vimulimuli. Nesi wa kwenye simu akamwambia apumzike. Nikamwambia apige tena, aanze kwa kusema amejifungua juzi, kisha ataje dalili moja moja. Wakamwita. Presha ilikuwa juu mno, akalazwa usiku ule ule.

Kwa hiyo siwezi kusema pesa yangu ilipotea. Lakini pia siwezi kuwasifu watu walionikalisha chini kisha wakajipambia nguo ya mama yangu. Nimewaandikia waiondoe picha, kimya. Dada zangu, mkitaka kujiandikisha, ulizeni kwanza kama yule bibi wa historia bado anafundisha. Kama hayupo, tafuteni pengine.